Kiti cha Elmer

Theluji ilichelewa, na ilipokuja haikuona haya. Ilikuwa katikati ya Aprili, watu wa bondeni wameshaanza kuotesha nyanya kwenye vikopo dirishani. Machi nzima mlima ulikuwa tope na mvua. Halafu usiku mmoja mbingu zikamwaga yote ziliyokuwa zimebana tangu Krismasi. Asubuhi theluji ilifika magotini, kavu na nyepesi kama unga uliochekechwa mara mbili. Fundi bomba akapatwa na mafua ya ghafla. Daktari wa meno akafunga kliniki kwa dharura. Wakakutana wote wawili, skii, zile mbao ndefu za kutelezea theluji, miguuni, kwenye foleni ya viti vya kupandia mlimani, wakajuliana hali kwa heshima zote.

Walter Kalmakoff naye alikuwa kwenye foleni hiyo, begi mgongoni, uso umekunjamana. Watu wengi namna ile walikuwa balaa kwake.

Viti vya mlima ule ni vya zamani, vya watu wawili wawili, vinaning'inia kwenye kebo na kupanda polepole kama vinavyofikiria kurudi. Miaka arobaini Walter alikaa kushoto, mdogo wake Elmer kulia. Februari Elmer akaanguka jikoni kwa kiharusi, mwiko wa supu mkononi. Upande wa kulia wa mwili ukalala, na maneno nayo yakamkimbia, akabaki na machache ya kuokoteza. Madaktari walisema wazi kwamba hatapanda tena. Walter aliwasikiliza hadi mwisho, akawashukuru, kisha akaenda kumwambia mdogo wake: "Kiti chako nakutunzia. Hakai mtu."

Tangu hapo, kila alipopanda aliweka begi upande wa kulia, na kila jioni alipita kwenye nyumba ya wagonjwa kutoa taarifa kwamba kiti kipo.

Machi ilikuwa rahisi, hapakuwa na watu. Tamsin, dada anayepandisha watu vitini, alikuwa akitazama pembeni. Lakini siku ya theluji nzuri mlima ule una sheria moja: kiti hakiondoki na nafasi. Aliye peke yake hubananishwa na mwingine aliye peke yake, awe hakimu au mwizi wa kuku.

"Nani yuko peke yake?" Tamsin akapaza sauti.

"Mimi niko na mtu," Walter akasema.

"Mzee Walter, hilo ni begi."

"Limekata tiketi."

"Oya babu!" fundi bomba akadakia kutoka nyuma, mafua yameshapona. "Begi lenyewe linateleza kukushinda wewe, lakini litupishe basi! Theluji inaisha huko juu!"

Foleni ikaangua kicheko. Mtu akamnong'oneza fundi bomba jambo sikioni, naye akainamia viatu vyake.

Tamsin akasogea karibu. "Mwezi mzima nimekuachia, mzee wangu. Leo siwezi. Angalia hao watu."

"Ni cha Elmer."

"Najua ni cha Elmer. Na Elmer angekuwa hapo nyuma, angekuzomea kuliko wote."

Hilo lilikuwa kweli, ndiyo maana lilimchoma. Walter akalipakata begi. Pembeni yake akasukumwa mama mmoja mnene, koti la rangi ya chungwa, aliyejitaja Renata, wa Spokane, Marekani, ng'ambo ya mpaka. Kiti kikawazoa.

"Nimemkalia mtu, eti?" mama akauliza.

"Mdogo wangu."

"Alifariki?"

"Hapana!" Nguzo mbili za kebo zikapita. "Hapana. Lakini harudi."

Alikuwa hajawahi kulisema. Lilimtoka kama jino bovu, bila kuomba ruhusa. Renata hakutoa pole. Alijivuta hadi ukingoni, nusu ya makalio ikabaki hewani.

"Basi nimembakizia nusu," akasema.

Walter alicheka, kisha akajichukia kwa kucheka.

Juu kabisa, upande wa kaskazini, kuna misonobari ambayo ndugu hao wawili waliifanya yao. Haingiwi na mtu mmoja: mashimo yaliyofunikwa na theluji kwenye mashina humeza mtu kichwa chini, na asiye na mwenzake hatoki. Ndiyo maana Walter hakuwa ameigusa tangu Februari.

"Kupita kwenye miti unaweza?" akauliza.

"Nimelea wavulana wanne. Napita popote."

Wakaingia. Theluji ikawapokea bila sauti, ikapanda mapajani, ikaruka usoni, ikajifunga nyuma yao kama maji. Magoti ya Walter yakasahau umri. Kila alipopinda alisikia mtu akipinda upande wake wa kulia, akipiga kelele za furaha. Chini akasimama, mdomo wazi, machozi ya upepo mashavuni.

"Elmer, umeona!"

Akakutana na koti la chungwa. Renata akainama ghafla, akashughulika na kifungo cha kiatu ambacho hakikuwa na tatizo lolote.

Walirudi juu tena na tena, hadi theluji yote ya mitini ikachorwa mistari ya skii zao. Ilikuwa siku bora kuliko zote za miaka mingi, na hilo ndilo lililomuuma Walter njia nzima ya kushuka bondeni.

Elmer alikuwa ameketi dirishani, mlima wote mweupe mbele yake.

"Theluji?" akauliza.

"Magotini, bwana we! Nimepita kwenye miti yetu."

Elmer akamtazama. Nusu ya uso ililala, lakini akili haikulala hata kidogo. Miti ile haipitwi na mtu mmoja.

"Na... nani?"

Walter angeweza kudanganya. Akavua kofia. "Mama mmoja wa Spokane. Alikaa upande wako."

"A... anajua... kuteleza?"

"Anajua. Wewe humfikii... wewe ulikuwa..." Akakwama. "Anajua, Elmer."

Elmer akatoa sauti iliyoanza kama kicheko. Haikuishia hivyo. Walter akamfuta jicho, kisha kidevu.

"Kesho?"

"Kesho ameshakwenda kwao."

Elmer akahangaika na neno muda mrefu, mshipa wa shingo umemsimama.

"Mwi... mwingine. Tafuta, kaka."

Walter alitaka kusema hapana. Akasema sawa.

Elmer akageuza uso kutoka dirishani, akanyoosha mkono wake ulio mzima kuelekea pazia. Nje bado kulikuwa na mwanga, na mlima ulikuwa unang'aa. Walter akasimama, akalifunga.