Milango Inayopiga Teke

Je, wewe ukifika mlangoni pako, unasimama wapi? Kama unasimama katikati, kifua mbele, mkono kwenye kitasa, basi mlango wako haukutoka karakana ya Chapchap. Wenye milango ya Chapchap walisimama pembeni, bega likigusa ukuta, wakakivuta kitasa kwa ncha za vidole, wakaungoja mlango upige teke lake, ndipo wakaingia. Mbwa wao pia walijua.

Jambo hilo lilianza asubuhi ya kawaida kabisa. Mama Vanishi alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, anapiga msasa ubao wa mlango. Jina hilo lilimpata kwa kazi yake, na kwa harufu iliyomtangulia kila alikokwenda. Nyuma yake mumewe, Fundi Rula, alikuwa anakata mbao kwa msumeno wa umeme, ule wa kushika mkononi wenye gurudumu la meno. Yeye aliitwa Rula kwa sababu hakuwa mtu wa kukadiria. Hata mkate hakuukata bila kwanza kufumba jicho moja na kuupigia hesabu.

Msumeno huo ulipotoka dukani ulikuwa na kifuniko cha chini, kinachojirudisha chenyewe na kufunika meno kila unapouinua kwenye ubao. Lakini kilikuwa na tabia ya kukwama kidogo kwenye ukingo wa ubao, na fundi alilazimika kusimama na kukisogeza. Chapchap, mwenye karakana, ambaye ni kaka yake Rula wa tumbo moja, alikitazama kwa siku chache tu akasema kinakula muda. Akachonga kabari ya mti mgumu, akaipachika pale penye bawaba ya kifuniko, na kifuniko kikabaki wazi kama mdomo wa mtu aliye kwa daktari wa meno.

"Haraka haina baraka," alisema Chapchap akijifuta mikono, "lakini ina wateja."

Mafundi walicheka. Rula naye alicheka. Kaka ni kaka.

Mama Vanishi hakucheka, kwa kuwa aliujua ule msumeno. Walipokuwa wapya katika ndoa, mumewe alimfundisha jioni moja, nusu kazi nusu mapenzi. "Huyu ni punda," alimwambia. "Usisimame nyuma yake, simama ubavuni. Mshike kwa mikono miwili. Usimsukume, mwache aule ubao kwa mwendo wake. Akikwama, achia swichi, umngoje meno yatulie kabisa, ndipo umtoe. Na ubao uuegemeze karibu na pale unapokata, kipande kinachokatika kiwe huru kuanguka. Ukiuegemeza kwenye ncha mbili tu, katikati utalegea, utafumba mdomo, utamng'ata."

"Na aking'atwa?"

"Shukrani ya punda, mke wangu, unaijua."

Asubuhi hiyo Chapchap alikuwa amechukua vigoda vya katikati, vile vya kuegemezea mbao, akavipeleka barabarani vishikilie milango ya maonyesho. Milango mingine alikuwa ameipanga ukutani, ubavuni kwa fundi. Rula hakuwa na pa kuuegemeza ubao ila ncha mbili, wala hakuwa na pa kusimama ila nyuma. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akashusha pumzi. Kaka yake akapiga kofi, chap, chap.

Mama Vanishi alisikia sauti ya msumeno ikibadilika, kutoka wimbo hadi kilio. Ubao ulilegea katikati, ukaufumba mdomo, na msumeno ukaruka nyuma kwenye mstari uleule uliokuwa unaukata, meno nje. Uliingia katika paja la kulia la mumewe. Kama kifuniko kingekuwa huru, angebaki na mchubuko na hadithi ya kuwachekesha watu. Unga wa mbao uliinywa damu upesi kuliko unavyokunywa vanishi. Mama Vanishi alifungua kanga yake, akalifunga paja, akakaza kwa mpini wa brashi mpaka vidole vyake vikafa ganzi.

Chapchap alikuja mbio. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Kwani mdogo wangu ulisimama wapi?"

Hapo ndipo sentensi moja fupi ilipomjia Mama Vanishi mdomoni. Akaitazama kabari, akamtazama shemeji yake. Lakini nyumba waliyolala ilikuwa ya shemeji, na gari la kumpeleka mumewe hospitali lilikuwa la shemeji, na shemeji ni mtu wa heshima. Akaimeza. Ilishuka vibaya, kama mfupa.

Hospitalini, Rula alipokwisha kushonwa, daktari alitaka kuingia wodini kumwona. Akashika kitasa cha mlango uliotoka kwa Chapchap. Mlango ukarudi nyuma kwa nguvu, ukampiga paja la kulia, akaenda kukaa kwenye toroli la dawa. Muuguzi aliinamia alama ile, mstari wa meno madogo yaliyopangana vizuri.

"Huu nao umeanza," alisema, akaenda kutafuta barafu.

Jioni hiyo milango yote iliyokatwa kwa msumeno ule tangu siku ya kabari ilipiga. Muuza viatu alipigwa akifunga duka. Mwenye nyumba ya kupangisha alipigwa akidai kodi, na wapangaji waliona mlango una busara. Kufikia mwisho wa juma, nusu ya mji ilikuwa inachechemea mguu mmoja, wa kulia, na wachechemeaji walipokutana njiani walisalimiana kwa kuinua nyusi.

Wakamjia Chapchap karakanani.

"Chapchap, mlango wako umenipiga," alisema muuza viatu.

"Ulisimama wapi?"

"Mbele yake. Mlango unasimamiwa wapi?"

"Pembeni, bwana. Vuta kwa upole, usiusukume, ukitulia ndio upite. Mbona jambo dogo?"

Muuza viatu alifikiri. Akakubali kwamba hakuwa ameelezwa, na sasa ameelezwa. Akaenda zake akiwafundisha wengine njiani. Kwa hiyo mji mzima ukajifunza kusimama ubavuni, kushika vizuri, kutolazimisha, kungoja kitu kitulie. Mama Vanishi aliwasikia wakielekezana sokoni, akayatambua maneno. Yalikuwa ya mumewe, yale ya jioni ile. Kila mtu alikuwa nayo sasa, isipokuwa pale karakanani.

Kisha mwizi mmoja akavunja kufuli ya duka la simu. Alikutwa asubuhi ameketi kizingitini, ameshika paja, anaomba maji. Habari zikasambaa, na kabla ya juma kwisha watu walipanga foleni kwa Chapchap wakitaka milango inayopiga. Akaandika ubao mkubwa, akautundika nje: MLANGO UNAOJILINDA. Bei ikapanda, na hakuna aliyelalamika.

Kibarua aliyeshika msumeno wakati Rula amelala nyumbani alikuwa mtu wa kupenda maisha yake. Siku moja kabari ililegea ikaanguka, naye akafanya kama hakuiona. Akakata mlango mzima kifuniko kikifunguka na kujifunga, tik, tik, kama kope. Mama Vanishi aliupaka vanishi mlango ule taratibu kuliko yote, kama anayeubembeleza. Moyo wake ulikuwa mwepesi kutwa nzima.

Kesho yake mwenye duka la simu, aliyeagiza na wa nyuma ya duka, aliurudisha begani.

"Huu haupigi," alisema kwa uchungu. "Nimesimama mbele yake nusu saa. Mpole kama kondoo. Mimi nimelipia unaopiga."

Chapchap aliwaita wote, akakagua msumeno, akaiona kabari sakafuni. Alielewa mara moja. Kwa biashara alikuwa na akili. Akaipaka kabari gundi, akaipachika upya, akaizungushia waya, akaukaza waya kwa koleo. Kibarua alivua aproni yake, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya benchi, akatoka. Alipita mlango wa mbele akiwa ubavuni.

"Basi Jumatatu mdogo wangu arudi," alisema Chapchap. "Si anatembea?"

Mama Vanishi alikuwa ameshika kopo la vanishi. Hakujua ameliachia mpaka alipoona miguu yake imekuwa rangi ya asali. Alisimama hapo, nyayo zimenata sakafuni, akimtazama shemeji yake akichagua mbao.

Usiku alimuuliza mumewe, "Utakwenda?"

Rula alikuwa anapima kovu lake kwa macho, jicho moja limefumbwa. "Ni kaka yangu," alisema.

"Sikukuuliza ni nani wako."

Rula alivuta shuka akalifunika kovu. Tangu ajali alikuwa hajasema lolote kuhusu msumeno, zuri wala baya. Mkewe aliliwekea mkono lile paja mpaka alfajiri.

Jumatatu Rula aliingia karakanani akichechemea. Mteja wa siku hiyo alikuwa mama mmoja mnene mwenye miwani, mwenye shule ya chekechea. Alitaka mlango kwa kila darasa.

"Inayopiga," alisisitiza. "Wanatuibia viti."

Mama Vanishi aliutazama mkanda wa kupimia uliokuwa kiunoni kwa mumewe. Hakuhitaji kuuvuta. Paja la mtu mzima ni kichwa cha mtoto wa chekechea.

"Shemeji," alisema kwa sauti ya adabu, "nakuomba. Hii ya watoto tu. Tutoe kabari."

"Shemeji yangu," alijibu Chapchap kwa adabu ileile, "mteja ameshasema anataka nini. Watoto ndio wanajifunza upesi."

"Upesi sana," alisema yule mama, akifuta miwani. "Tutawatungia kawimbo. Simama pembeni, simama pembeni."

Chapchap alikapenda kawimbo. Akakapigia makofi, chap, chap. Halafu akamwonyesha ndugu yake ubao. Ulikuwa umeegemezwa ncha mbili. Ubavuni milango ilikuwa imejaa hadi ukutani.

Rula aliushika msumeno kwa mikono miwili. Meno yalikuwa nje, na waya wa kabari ulikuwa mpya, unang'aa. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akajisogeza nyuma, kwa kuwa hapakuwa na pengine. Kidole chake kilikuwa juu ya swichi. Hakikushuka. Ule mstari wa penseli alioupiga kwenye ubao ulikuwa umepinda, na mkewe hakuwahi kuona mstari wa mumewe uliopinda.

"Kaka," alisema Rula. "Naogopa."

Yule mama wa chekechea aliacha kufuta miwani. Hata milango iliyopangwa ukutani ilitulia.

"Nani haogopi?" alisema Chapchap kwa upole, kama anayemfariji mtoto. Alikuwa amesimama pale aliposimama siku zote, mbali, karibu na birika lake la chai, mikono mfukoni. Mikono ile ilikuwa safi. Tangu anunue msumeno hakuwahi kukata nao hata ubao mmoja. "Kuogopa ni jambo la kawaida, mdogo wangu. Anza. Mteja anangoja."

Mama Vanishi aliweka brashi chini. Aliiweka vizuri, juu ya kopo, isidondoke. Akapita katikati ya karakana, akaingia kati ya mumewe na ubao, akauchukua msumeno mikononi mwake. Ulikuwa mzito kuliko alivyoukumbuka. Akaubeba mpaka kwenye birika la chai, akamnyooshea shemeji yake, mpini upande wake, meno yakiwa wazi kati yao.

Ile sentensi ilipanda kutoka ilikokuwa imekaa tangu siku ya damu. Haikumkwaruza hata kidogo.

"Basi kata wewe."