Makala za Kibanzi

Shangazi yake fundi alikuwa mtu asiyetupa kitu. Paterni zake zote za kushonea nguo alizikata kwenye magazeti ya zamani, na alipofariki akamwachia fundi boksi zima. Kwa miaka kumi na moja fundi alizitumia bila kuzisoma, kama mtu asivyosoma sahani anayolia chakula.

Siku hiyo mteja alichelewa. Fundi alikaa kwenye cherehani, paterni ya mkono wa gauni mapajani, na macho yakaangukia maandishi: “Mkubwa akikosea haombi radhi; huitisha mkutano, ili”. Hapo mkasi wa shangazi ulikuwa umepita kukata kwapa, na sentensi ikaishia hewani. Chini kulikuwa na jina moja tu: Kibanzi.

Fundi alicheka peke yake. Kisha akaudhika. Ili nini?

Aliligeuza boksi juu chini. Kwenye kola akapata kipande kingine cha mwandishi yuleyule: “Foleni ni shule. Humo ndimo utakapojua nani ana haraka na nani ana mjomba.” Mteja alipoingia alimkuta fundi akifuta machozi ya kicheko, nguo yake haijaguswa.

“Sasa hilo gazeti litakushonea suruali za watu?” mumewe alimtania jioni.

“Suruali zitashonwa, baba. Na huyu nitamtafuta mpaka nimpate.”

Jumanne akaenda maktaba. Mkutubi, mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi, alimtazama kuanzia viatu hadi futi ya kupimia iliyosahaulika shingoni.

“Unatoka chuo gani?”

“Sitoki chuo. Natoka kwenye cherehani.”

Mkutubi akameza tabasamu. Alimweleza kwamba magazeti hayo yamechakaa, hayapitishwi kwenye mashine ya nakala. Anayetaka atanakili kwa mkono, na kwa penseli.

Fundi aliishia darasa la saba, na mwandiko wake ulikuwa wa kuandika vipimo tu. Asubuhi ya kwanza alinakili makala moja na vidole vikafa ganzi. Asubuhi ya tatu akaipata sentensi yake, nzima nzima: “ili kosa lake lipate wenzake.” Alijifunika mdomo kwa kanga asifukuzwe.

Angeweza kuishia hapo, kwani alichokitafuta alikuwa amekipata. Lakini ukurasa uliofuata Kibanzi alikuwa anaongelea viti vya ofisini, na mtu mwenye akili zake angeachaje? Kila Jumanne na Alhamisi, kabla ya kufungua duka, alikuwa pale. Madaftari yakawa mawili, yakawa sita. Kisha akafika mwaka wa mwisho wa makala hizo, na jalada la magazeti ya mwaka huo halikuwapo.

“Lilipotea zamani,” mkutubi alisema. “Ila yuko bibi mmoja huja kuliulizia. Nadhani ni ndugu yake.”

Bibi huyo alikuwa mdogo wake Kibanzi. Alimpokea fundi mlangoni, mkono kwenye komeo.

“Watatu wameshakuja kabla yako. Wamechukua picha zake, wamechukua karatasi zake, na hawakurudi hata kusalimia.”

“Mimi sichukui kitu, bibi. Nipe kona ya meza, ninakili mbele ya macho yako.”

“Na ukichoka?”

“Nitapumzika, halafu nitaendelea.”

Bibi akafungua komeo.

Hapo ndipo fundi alipomjua Kibanzi ni nani. Alikuwa mwanamke, mpiga chapa wa ofisi moja kwa miaka ishirini na sita, akiandika makala zake Jumapili nyuma ya karatasi zilizoharibika. Wasomaji walimwandikia “Bwana Kibanzi”, naye hakuwasahihisha. Bosi alipogundua kwamba mwenye kiti kinachozunguka katika makala ni yeye, aliandika barua ya kumfukuza kazi, akaipeleka ipigwe chapa. Mpiga chapa alikuwa mmoja tu.

“Akaipiga?” fundi aliuliza.

“Safi kabisa! Akamrudishia, akamwambia: ‘Yalikuwamo makosa mawili ya sarufi, nimeyarekebisha. La tatu ni lako mwenyewe.’ Akachukua pochi yake, akaondoka.” Bibi alicheka mpaka akakohoa, kisha akajipangusa mdomo. “Nyumbani alilia, lakini. Hilo hakuliandika popote.”

Fundi aliiweka penseli chini, akamshika bibi mkono. Baadaye akaiokota tena.

Makala za mwaka ule zilikuwa arobaini na moja, zote kwenye karatasi hizo zilizobaki kwa bibi. Zilimchukua miezi mitatu. Mkutubi aliyapa madaftari yote tisa namba na kuyapanga rafuni, na bibi akaja kuyaona kwa macho yake. Alifungua moja, akasoma, akatikisa kichwa.

“Mwandiko umenyooka, mwanangu,” alisema. “Sasa bado zile alizoiandikia redio.”

Mkutubi aliivua miwani. Fundi alikuwa ameshashika mkoba wake.

“Ziko wapi?” aliuliza.