Mabenchi ya Mwenyekiti

Mti walioukata ulikuwa wa mke wangu. Hilo walitaje kwanza, kabla ya hotuba zao.

Tulipohamia Nkuhungu, kiwanja chetu kilikuwa na mkwaju mmoja upande wa njia na miba kwingine kote. Fundi wa msingi akataka kuuangusha. Loisi akasimama mbele ya shoka akamwambia, "Sogeza nyumba. Mti haujui kutembea." Nyumba ikasogezwa. Kwa mkwaju ule Loisi aliuza juisi ya ukwaju mpaka binti yetu Paulina akamaliza shule. Na alipolazwa, akaona mwenyewe kwamba hatoki, hakuniomba kaburi la marumaru. Alisema, "Paulina akiolewa, mchongee kinu kwenye mkwaju wetu. Bibi alimpa mama, mama akanipa mimi. Mtoto wangu asiende kwa watu mikono mitupu." Nikamwambia sawa. Hakutoka.

Halafu wakaja na barabara yao. Yaani barabara yenyewe sikuiona, niliona rangi nyekundu. Wameuchora mkwaju kama ng'ombe wa mnadani. Anthony, mwenyekiti wa mtaa, akafika na vijana wenye msumeno wa mashine. Huyu Anthony namzidi umri mbali, lakini tangu apewe muhuri amesahau neno shikamoo. Tumbo limetangulia, mwenyewe anafuata.

"Mzee Meshack, mti wako uko ndani ya hifadhi ya barabara."

"Ukate basi, nani ana nguvu ya kukukatalia wewe? Ila magogo niachie. Nina kazi nayo."

"Magogo ni mali ya mtaa. Tunachonga mabenchi ya ofisi. Nyie wazee mkija ofisini mnasimama, hamchoki?"

"Tukija ofisini wewe hupo. Tukae tumsubiri nani?"

Watu wakacheka. Yeye akawaambia vijana wawashe msumeno.

Mimi niliishia darasa la nne, lakini mwizi namjua hata akija na muhuri. Vijana walipokwenda kula chipsi, nikamwita jirani yangu Halfani, Mrangi wa Kondoa, mchinjaji. Tukaviringisha kipande kimoja cha chini, kile kinene, mpaka chumbani kwangu. Moyo wake mweusi kama damu iliyoganda. Shoka linaruka juu yake. Mkwaju ndio kinu. Mti mwingine unatwanga nafaka, unakula na vumbi la mbao.

"Baba Paulina," Halfani akasema huku anahema, "sasa utalala na gogo?"

"Halikoromi kama wewe."

Mengine yote yakapakiwa kwenye trekta. Sikuyaona tena.

Haikupita muda Anthony akarudi. Mgeni rasmi anakuja kuzindua barabara, kwa hiyo kila mwenye nyumba ang'oe kisiki kilichoko mbele yake.

"Mti ulikuwa wa mtaa," nikamwuliza, "kisiki ndiyo changu?"

"Ndiyo utaratibu, mzee."

Utaratibu wao ndio huo. Chenye nyama chao, mfupa wako.

Nikachimba. Kisiki cha mkwaju si cha kuchezea. Nilizunguka na sururu, mizizi ya pembeni nikaikata, lakini ule wa katikati umeshuka kama unatafuta maji ya Bahi. Nikafanya kama baba alivyokuwa akifanya shambani: nikajaza samadi kavu shimoni, nikatia moto. Samadi haina haraka. Haiwaki, inatafuna. Siku nenda siku rudi kisiki kikaliwa pole pole, moshi unapanda, na Anthony akipita anaziba pua kwa kitambaa, yeye ambaye kwao walikandika nyumba kwa samadi hiyo hiyo. Kilipokwisha nikazoa majivu kwenye debe. Likabaki shimo la kumzika fahali.

"Nani anafukia?" nikamwuliza.

"Usiguse. Mkandarasi atakuja na kifusi."

Nikaacha. Nimeambiwa nisiguse, sikugusa.

Wakati huo nilikuwa uani na kinu changu. Paulina alishachumbiwa na kijana wa Kibakwe, mwalimu, ndoa baada ya Krismasi. Nachoma kwa makaa katikati, nakwangua kwa tezo, nachoma tena. Ncha nimezipaka samadi mbichi, gogo lisikauke haraka likapasuka. Likipasuka, sina mkwaju mwingine, na ahadi ya Loisi imekufa.

Jumamosi moja Halfani akaja na kisu chake kwenye gunia. Alikuwa ameitwa kuchinja mbuzi kwenye sendofu ya binti wa Anthony, maana wakichinja wenyewe Waislamu wa mtaa hawali.

"Baba Paulina, nimeyaona mabenchi ya ofisi."

"Yako wapi?"

"Chini ya masufuria. Pilau linachemka juu yake. Mbuzi wengine tayari wako mkaani."

Binti wa Anthony anaagwa kwa kuni za mke wangu, na binti yangu nimemwibia gogo lake mwenyewe nikalificha chumbani kama bangi. Halafu mtu anakwambia viongozi wametoka kwa Mungu. Mungu gani, ana shida na kuni?

Mgeni rasmi akaja mvua zimeshaanza. Mkandarasi hakuonekana, kifusi hakikuonekana. Shimo lilijaa maji ya tope usawa na njia, ukilitazama unadhani ni dimbwi la kawaida. Turubai limefungwa kule mbele, viti vyekundu vimepangwa, na kibao kikubwa cha mbao kimelazwa pembeni kinasubiri kusimamishwa, kimeandikwa jina la barabara na chini yake, kwa herufi nene, jina la mwenyekiti.

Gari likaja linang'aa. Likaingia shimoni gurudumu zima. Dereva akakanyaga mafuta, likazama zaidi, tope likaruka mpaka ukutani kwangu.

Anthony akaingia uani bila hodi, vijana wawili nyuma yake. Macho yake yakatua kwenye kinu.

"Hilo hilo. Bebeni."

Nikakaa juu ya kinu.

"Mzee, ondoka. Ni la dharura. Tunalisukumiza chini ya tairi, utarudishiwa."

"Kama yalivyorudi yale mengine?"

"Hili gogo ni la mtaa! Uliliiba!"

"Basi niite mwizi kwa sauti, mgeni wako asikie. Yuko hapo nje tu."

Kijana mmoja akashika mguu wangu. Halfani akatokea mlangoni. Alisimama tu, lakini yule kijana anajua Halfani hufanya kazi gani. Akaachia.

Nje, yule mgeni alishateremsha kioo. Mama mmoja mkubwa wa ofisi ya barabara, viatu vyake havijawahi kukutana na tope letu. "Mwenyekiti, huna hata vipande vya mti?"

Nami nikapaza sauti kutoka uani, nimekaa pale pale. "Mheshimiwa, anayo mabenchi! Mkwaju mzima umechongwa mabenchi ya ofisi! Alete mawili tu, gari linatoka!"

"Vizuri," mama akasema. "Yalete."

Anthony akatoka mbio nje. Mtaa wote umejaa, wote wanamtazama yeye.

"Yako... yako kwa fundi, mheshimiwa."

"Fundi gani?" Halfani akauliza. "Yule mwenye mwiko wa pilau?"

Hapo watu wakashindwa. Walicheka hata wale waliokula lile pilau, tena wao ndio walicheka zaidi. Mama hakucheka. Wala asidhani namsifu. Alichukia kwa ajili ya viatu vyake, si kwa mti wangu.

Dereva wake, Obedi, alishachoka. Akaangaza huku na huku, akaona kile kibao, akakivuta, akakisukumiza chini ya tairi, jina likitazama juu. Gari likanguruma, likapanda juu ya mwenyekiti, likatoka. Kibao kikapasuka katikati. Gari halikusimama penye turubai.

Jana Anthony amemtuma kijana. Mama yule ameagiza apelekewe picha ya mabenchi. Eti sina kipande kilichobaki, japo lipatikane benchi moja la kupiga picha?

Nikamwambia kipo, kisiki chote kipo. Nikamkabidhi debe la majivu.

Kinu nimekifunga kwenye gunia, kizima, hakina ufa. Kesho mimi na Paulina tunapanda basi la Mpwapwa, na nitakipakata mwenyewe mpaka Kibakwe. Kondakta akisema kiende kwenye buti, atanikoma.