Aliyefanya Mtihani wa Kuogelea kwa Kalamu

"Mwambie mwanao ajikaushe kabla ya kupanda ngazi! Jana nusura nivunjike kiuno."

"Wako angejua kuogelea, wangu angekuwa mkavu. Nitolee balaa!"

"Semeni kwa sauti," jirani mmoja aliwaambia kutoka ghorofa ya juu. "Huku hatusikii vizuri."

Wagombanaji, mama wawili, walikaa mlango kwa mlango. Mmoja alikuwa fundi cherehani. Binti yake, muuzaji wa duka la vitabu, alizama kwenye bwawa la kuogelea la manispaa, akazikwa Jumatano, na Jumatatu iliyofuata akarudi nyumbani akiwa amelowa chapachapa. Mwingine alikuwa mama yake Filimbi, kijana aliyekuwa mwokoaji wa bwawa hilohilo.

Kisa chenyewe jengo zima lilikijua. Kanuni zilizobandikwa kwenye geti la bwawa zilisema mwokoaji aweze kuogelea mita mia mbili bila kupumzika, azamie upande wa kina kirefu na kuibuka na tofali, ajue kumpulizia pumzi aliyezama, na asikiache kiti chake mpaka apokewe na mwenzake. Filimbi alifanyia mtihani huo ofisini kwa meneja, mjomba wake, kwa kalamu. Swali la tofali alilijibu vizuri sana. Siku binti alipozidiwa na maji, Filimbi hakukiacha kiti. Alipuliza filimbi mpaka koo likamkauka, na binti yuko hatua nne tu kutoka miguuni pake.

Sasa kila siku, isipokuwa Jumapili, saa nne asubuhi marehemu alikuwa akishuka ngazi, akivuka barabara penye alama, na kwenda kulala chini kabisa ya bwawa, macho wazi. Kila aliyeanza kuzama, yeye alimsukuma juu kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayempisha mgeni mlangoni. Waogeleaji walishamzoea. Wengine walimwambia, "Asante, dada," wakaendelea na mambo yao. Wiki moja aliwatoa watatu. Kwa ajili hiyo Filimbi alitangazwa mfanyakazi bora, picha yake ikatundikwa getini, juu ya kanuni.

Fundi hakugombea picha. Shida yake ilikuwa sentensi moja. Taarifa ya ajali ilisema: "Aliyezama alikaidi filimbi." Mwanawe, ambaye hata shuleni hakuwahi kusimamishwa mbele ya wenzake, ameitwa mkaidi kwenye karatasi yenye mhuri. Aliuacha ugomvi wa ngazini palepale, akamshika mkono binti, aliyekuwa akishuka kwenda bwawani, wakaenda kwa meneja.

"Mama, mimi sina neno," alisema meneja. "Ila malalamiko huletwa na mhusika mwenyewe."

"Huyu hapa."

Meneja alimtazama binti, akamsogezea fomu na kalamu. Binti aliandika jina lake, akaandika kwamba aliisikia filimbi, na kwamba alikuwa akingoja mkono. Maji yalimtiririka vidoleni, wino ukatapakaa meza nzima. Meneja alisubiri amalize, kisha akaiinua karatasi kwa ncha za vidole.

"Fomu iliyolowa haipokelewi. Halafu wewe, dada, saa hizi kule chini umemwacha nani?"

Binti aliinuka akarudi kazini. Fundi alisimama pale mpaka meneja akaanza kula karanga mbele yake. Taarifa ikarudishwa kabatini na sentensi yake.

Jioni, fundi akiwa anapakua, mlango ulibishwa. Binti aliingia, akaenda kuketi mezani. Nyuma yake Filimbi alibaki kizingitini, nywele kavu, ameviringisha kofia mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Una nini?"

"Mjomba ananituma. Anauliza kama dada anaweza kuja Jumapili pia."

Fundi aliuweka mwiko chini. Alimtazama kijana tangu utosini mpaka kwenye kucha, mabega yale mapana, kifua kile.

"Wewe umeshakula?"

"Bado, mama."

"Basi vua viatu uingie. Utakaa pale, uso kwa uso na yeye, ule mpaka sahani iishe. Na ole wako uangalie pembeni. Haya, karibu."