Moshi Uliogonga Mlima

Aliyepiga mahesabu ya bomba la moshi la kiwanda cha kuyeyushia shaba alikuwa mpimaji wa hewa, mwanamume wa makamo ambaye mji mzima ulimwita Mzee Pumzi. Enzi hizo moshi ulitanda bondeni kutwa kucha, nguo nyeupe ukianika unaanua za kijivu. Akashauri bomba lirefushwe mara mbili. Kiwanda kikakubali, na bonde likafunguka. Watu wa mtaa wa chini walimpa mkono barabarani, wengine wakamkumbatia.

Dada yake mkubwa, fundi cherehani mwenye kifua kibovu tangu utotoni, alimuuliza ahamie wapi apate nafuu zaidi.

"Panda juu, dada," alimjibu bila kusita. "Huko hakuna kitakachokufikia."

Dada akanunua nyumba ya vyumba viwili ubavuni mwa mlima, cherehani akaiweka dirishani.

Mwaka wa nne, mpimaji alimpitia asubuhi moja kumpelekea nyuzi. Alimkuta kainamia meza, mikono imeng'ang'ania ukingo, mabega yanapanda na kushuka.

"Tangu lini hali hii?"

"Ni asubuhi tu, mdogo wangu. Jua likikolea nafunguka."

Neno hilo halikumtoka. Kesho yake alikuja na mashine ya akiba ya kupimia hewa, akaifunga kwenye roshani, akakaa nayo wiki mbili. Kila siku kuanzia saa moja hadi saa nne vipimo vilipanda kupita vya getini mwa kiwanda. Akaangalia chini akaelewa. Hewa ya baridi ilikuwa imetuama bondeni kama maji kwenye beseni, na hewa ya vuguvugu imeifunika kwa juu. Moshi ukitoka bombani haukupaa wala haukushuka. Ulinyooka kama shuka linalotandikwa, ukaja mpaka ukagonga mlima, usawa wa dirisha la dada yake. Mahesabu yake aliyafanya kana kwamba nchi yote ni tambarare. Mlima ulikuwa mbele ya macho yake kila siku, na hakuuweka.

Alimwambia siku hiyohiyo. Dada akaacha kukanyaga cherehani.

"Kwa hiyo niliufuata moshi kwa miguu yangu mwenyewe."

"Mimi ndiye niliyekutuma."

"Hukujua."

"Nilipaswa kujua, dada. Ndiyo kazi yangu."

Dada akakata uzi kwa meno. "Haya, kalilie nje. Hilo gauni la bibi harusi ukililowesha utalifua wewe."

Mpimaji akaenda kwa meneja wa kiwanda. Meneja alisoma vipimo vyote, hata hakubisha. Alisema machujio ya moshi aliyaomba mara tatu, na wenye kiwanda walimjibu kwamba wakibanwa watafunga. Kilichobaki ni kulifupisha bomba, na hilo waulizwe wananchi.

Mkutano ulijaa mpaka milangoni. Wa mlimani walikuwa wachache, nusu yao wanakohoa. Mpimaji alipomaliza kueleza, alisimama mama muuza mboga wa mtaa wa chini, mmoja wa wale waliomkumbatia.

"Mzee Pumzi, wewe ndiye uliyetutoa kwenye ule moshi. Leo unataka uturudishe? Au wanangu hawana mapafu?"

Mpimaji akakunja karatasi zake. Akakaa. Bomba likabaki lilivyo.

Daktari aliipandisha picha ya kifua cha dada kwenye mwanga, akaonyesha makovu kwa ncha ya kalamu. Kuhama kungezuia mapya, haya yaliyopo hayaondoki. Dada akahamia kwa mdogo wake, mtaa wa chini, kitanda karibu na mtungi wa oksijeni. Cherehani hakuja nayo, maana mguu ulikuwa hauna tena nguvu ya kuikanyaga. Siku nyingi alikaa akifumua mishono ya nguo kuukuu kwa wembe, akizikunja, asizishone.

Nyumba ya mlimani ikatakiwa na mwalimu wa hesabu na mkewe mjamzito. Mpimaji aliwapokea mlangoni. Hakutaka kuficha kitu. Aliwaeleza habari ya asubuhi na moshi, akamfungulia mwalimu daftari la vipimo. Mwalimu alilisoma taratibu, ukurasa kwa ukurasa, kama anayesahihisha mtihani, asione kosa.

"Tumezunguka miezi miwili," alisema. "Chini hakuna hata chumba. Ng'ambo ya mlima hakuna maji. Sasa tukae wapi, mzee?"

Mpimaji alifunga daftari.

"Msifungue madirisha kabla ya saa nne," alisema.

Mke wa mwalimu alikuwa ameshaingia. Walimsikia chumba cha ndani akipima kwa hatua, akitafuta pa kuweka kitanda cha mtoto. Mwalimu akanyoosha mkono, na mpimaji akampa ufunguo.