Picha Mbili za Kiuno

Mtaa mzima ulimwita Mama Kwaa, kwa sababu hakuna aliyeinuka kwenye mkeka wake kabla kiuno hakijalia kwaa. Alikupaka mafuta, akakukanda, akakukunja magoti mpaka kidevuni, kisha akakulalia kwa uzito wake wote. Na uzito Mungu alimjalia.

Kwa hiyo mdogo wake, mbeba saruji, alipoteleza ghalani na mfuko begani, hakwenda kwingine ila kwa dada. Siku tatu mfululizo dada alimkunja. Siku tatu kiuno kililia, na kila mara mdogo mtu alisema, "Ahsante dada, kimerudi." Siku ya nne aliamka anaburuta miguu.

Hospitalini walimpiga picha amelala. Mama Kwaa akaitazama, akaona pingili za uti wa mgongo zimepangana sawasawa, roho ikamtulia.

"Si unaona, daktari? Mifupa hiyo nimeipanga mwenyewe!"

Daktari, binti wa umri wa kumzaa kabisa, hakucheka. Akatundika picha ya pili, aliyopigwa ameketi. Pingili moja ya kiunoni ilikuwa imeteleza mbele, imeziacha nyingine nyuma.

"Mama, pingili hazisimami zenyewe. Zinafungwa pamoja na kano, nyuzi ngumu kama kamba. Zake za nyuma zilichanika alipoanguka. Lakini hizi zilizokuwa zimebaki..." Akasita. "Kuna mtu amemkunja?"

Mama Kwaa akaitazama tena ile picha ya pili. Kumbe ile kwaa! Ile aliyoisikia akatabasamu, akajisifu mpaka kwa majirani, ilikuwa mfupa wa mdogo wake ukihama na kuibana mishipa ya fahamu ya miguu.

"Ni mimi," akasema. "Mara tatu."

"Tunampasua leo, tuzifunge pingili kwa vyuma. Kama atatembea tena, siwezi kukuahidi."

Daktari akatoka. Mama Kwaa alibaki pale alipokuwa ameketi muda wote, upande wa miguuni mwa kitanda cha mgonjwa. Mdogo wake, aliyelazwa chali na kukatazwa hata kuinua kichwa, akajaribu kumchangamsha.

"Dada, usinune bwana. Kiuno wamekataza, haya. Basi nikande hata miguu."

Mama Kwaa akatazama chini. Unyayo wa kushoto wa mdogo wake ulikuwa mikononi mwake, na tangu daktari aanze kusema alikuwa akiukanda.