Mashine ya Fabiola

Tangu Julai mwaka 2003, mabomu yalipoanguka mitaani Bujumbura, Sylvère, karani wa wizara, aliishi peke yake katika nyumba yao ya Mutanga Nord. Mkewe, Fabiola, alikuwa amekimbilia Kigoma kwa kaka yake, pamoja na watoto wawili. Kwa mwaka mzima mume na mke walikuwa wamenunua vipande vya kompyuta kimoja kimoja, ili Fabiola afungue kijiofisi cha kuwapigia watu barua na maombi ya kazi. Aliondoka kabla kipande cha mwisho hakijapatikana.

Kilipopatikana, Sylvère aliiunganisha kompyuta mwenyewe, Jumamosi moja ya Septemba. Alipobonyeza kitufe, feni ilizunguka mara mbili, ikasimama. Skrini ikabaki nyeusi. Akabadili waya. Akachomoa memori, akairudisha. Hali ikawa ile ile. Alijikuta anaisemesha mashine, na sauti yake mwenyewe ikamshtua. Tangu juzi hakuwa amesema neno ndani ya nyumba ile.

Jumatatu, alipotoka kazini, alipita Buyenzi kwa Hamissi, fundi wa redio. Hamissi alimsikiliza huku akichomelea waya, kisha akamwambia umeme unafika, ila kuna mahali unapopotelea.

"Toa ile kadi kubwa mu sanduku," alisema, "uiweke juu ya karato, uiwashe pale. Ikiwaka, kadi iko muzima, kosa iko mu sanduku. Uko na mutu wa kukushikia tochi?"

"Apana. Niko mi peke."

Hamissi alimtazama kidogo, akarudi kwenye waya zake.

Kesho yake jioni Sylvère alifungua kila kitu. Juu ya karatasi ngumu ya karato, kadi iliwaka, na maandishi meupe yakajipanga kwenye skrini. Akainamia sanduku tupu, akapapasa, akaona kosa lake: kiguu kimoja cha shaba, cha kuinulia kadi, alikuwa amekikaza mahali ambapo kadi haikuwa na tundu, na ncha yake ilikuwa ikigusa kadi kwa chini, umeme ukipotelea hapo. Alikitoa, akaunganisha upya, akabonyeza.

Ikawaka.

"Fabiola!" aliita kuelekea jikoni.

Alisimama pale, bisibisi mkononi. Kisha akatoka, akagonga kwa jirani, Dévote, mwalimu mjane ambaye kwa miaka minane alikuwa akiamkiana naye tu. Alimwambia mashine imewaka, na mara tu alipolisema akaona haya.

Dévote hakuuliza mashine gani.

"Basi twende niione," alisema, akajifunga kitenge vizuri, akamfuata.

Walikunywa chai mbele ya skrini. Dévote aliuliza mara moja tu Fabiola atarudi lini, Sylvère akajibu kwamba hajui. Saa ya amri ya kutotoka nje usiku ilipokaribia, Dévote aliaga, na Sylvère akaosha vikombe viwili, akavifudikiza vikauke.